Tabelbala: lugha iliyoishiwa namba kwenye tatu

Mzee wa Tabelbala akihesabu tende kwa lugha ya kwao huanza hivi: affu, inka, inẓa. Moja, mbili, tatu. Namba za kwao zinaishia hapo. Tende ya nne inahesabiwa kwa Kiarabu, na ya tano, na ya sita, mpaka kikapu kijae. Nilipoiona orodha hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu: lugha gani hii isiyofika hata nne? Kisha nikajihesabia mwenyewe kwa sauti, na nilipofika sita kicheko kikanikatikia kooni. Sita, saba, tisa: zote tatu tumezitoa kwa Waarabu. Tandatu tumewaachia washairi, kenda haisikiki sana siku hizi, na fungate, iliyokuwa saba yetu, imebaki chumbani kwa maharusi, zile siku saba za kufungiwa ndani. Nasi tumekopa vilevile, ila wao wamekopa mapema zaidi kwenye foleni ya namba.

Tabelbala ni kijioasisi cha kusini-magharibi mwa Aljeria, katika jangwa lililo kati ya Béchar na Tindouf. Kuna mitende, bustani, na mifereji ya chini kwa chini inayoitwa foggara, inayoleta maji kutoka ardhini bila pampu. Lugha yao wataalamu huiita Kikorandje, na Waarabu huiita al-Balbaliyya. Wasemaji wake ni kama 3,000 tu. Kinachowashangaza watu si uchache wao. Ni mahali walipo. Lugha hii ni ya jamii ya Kisonghai, lugha za Mto Niger, za Timbuktu na Gao na Niamey, ambako wasemaji wake ni mamilioni. Kutoka Tabelbala hadi Timbuktu ni takriban kilomita 1,400 za jangwa kwa mstari ulionyooka, na kote huko njiani hakuna kijiji kingine kinachosema lugha hiyo. Majirani wote wa Tabelbala ni Waarabu na Waberber, wenyeji wa Afrika Kaskazini tangu kabla ya Waarabu.

Ilifikaje huko? Hakuna hati inayosimulia. Kinachojulikana ni kwamba Tabelbala ilikuwa kituo katika njia za misafara iliyotoka Sijilmasa, kusini mwa Moroko, kwenda nchi za Weusi kufuata dhahabu na watumwa. Katika karne ya 16 Leo Africanus aliitaja kuwa na vijiji vitatu vyenye watu wengi na tende tele. Lugha yenyewe inadhaniwa kuwapo pale kwa zaidi ya miaka 800. Hesabu hiyo ina uzito, maana watu wakisikia “Songhai” hukumbuka mara moja dola ya Sonni Ali na Askia Muhammad, na jeshi la Moroko lililoivunja huko Tondibi mwaka 1591. Ikiwa makadirio ni sahihi, Kikorandje kilikuwa kimeshakita mizizi Tabelbala kabla dola hiyo haijazaliwa. Walioileta huenda walikuwa watu wa kazi, waliopelekwa kutunza visima na bustani ili misafara ipate maji na chakula, wakabaki huko hata misafara ilipokwisha.

Sasa, juu ya lugha hii kuna mabishano mawili, na mara nyingi watu huyachanganya. La kwanza ni la wataalamu: hii ni lugha ya aina gani hasa, Kisonghai, Kiberber au chotara? La pili ni la nyumbani: je, wazazi wa Tabelbala walioacha kuwasemesha watoto wao Kikorandje walikosea? Nitaanza na la kwanza, si kwa kuwa ndilo kubwa, bali kwa kuwa limelifunika la pili kwa muda mrefu.

Anayesema ni chotara ana ushahidi wa kutosha. Ukichukua ile orodha ya maneno 100 ya msingi ambayo wanaisimu hupenda kuitumia, maneno kama jicho, maji, kufa, mkono, yaani yale ambayo kwa kawaida lugha haiyaazimi, utakuta kama asilimia 20 ya maneno ya Kikorandje yametoka kwa Waarabu na Waberber. Toka nje ya orodha hiyo, ingia kwenye kilimo, dini, hesabu, zana, na mkopo unazidi kupanda. Sauti nazo zimeingia: ile ‘ain ya Kiarabu inayotokea kooni, ambayo Msonghai wa Gao haijui katika maneno yake ya asili, hapa imo hadi kwenye kiwakilishi cha “mimi”. Toni ambazo baadhi ya lugha nyingine za Kisonghai zinazo, hapa zimepotea. Na Uberber wenyewe si wa tabaka moja. Lameen Souag, mwanaisimu wa Aljeria aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 2010 juu ya Tabelbala na Siwa, oasisi ya Misri, ameonyesha kuwa tabaka la chini kabisa linafanana na Kizenaga, Kiberber cha magharibi ambacho leo kimebaki hasa Mauritania. Juu yake kuna Kiberber cha kusini mwa Moroko. Kisha Kiarabu, mfuniko juu ya vyote. Hebu fikiria, neno la mtende katika bustani ya Aljeria kukumbuka watu ambao leo utawakuta karibu na Bahari ya Atlantiki.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Robert Nicolaï, Mfaransa aliyezifanyia kazi lugha hizi miaka mingi, alitoa hoja mwaka 1990 kwamba Kisonghai chote, hata kile cha Niamey, kilitokana na lugha ya mawasiliano ya jangwani yenye asili ya Kituareg, Kiberber cha wahamaji wa Sahara. Ukiifuata hoja hiyo, Kikorandje si lugha iliyopotea njia kuelekea kaskazini ikavaa nguo za wenyeji. Ni ndugu aliyebaki karibu na nyumbani.

Kwa upande mwingine kuna wasemao: tazama mifupa, si ngozi. Na hapa naomba msomaji avumilie mfano mmoja mdogo, kwa sababu mimi ndio ulionishinda. Wenyewe huiita lugha yao kwara n dzyey. Kwara ni kijiji, dzyey ni lugha, na ile n katikati ni kiunganishi cha umilikaji, kama -a yetu ya unganifu. Maana yake ni “lugha ya kijiji”. Jina hilo halina fahari yoyote, wala taifa, wala shujaa. Kule Timbuktu nako lugha huitwa Koyra Chiini, lugha ya mji, na neno ni lile lile, kwara na koyra. Hadi hapo ni msamiati. Lakini angalia mpangilio. Kiberber nacho kina n ya umilikaji, tena sauti ni ile ile kabisa. Ila Mberber hutanguliza kinachomilikiwa kisha mwenyewe, kama sisi: lugha, n, kijiji. Mbelbali, mtu wa Tabelbala, hutanguliza mwenyewe: kijiji, n, lugha. Miaka 800 katikati ya Waberber, kiunganishi kimoja kwa wote wawili, ungetarajia mpangilio ungeshatekwa zamani. Haukutekwa. Mfupa huo mtu haazimi, na haupotei kirahisi.

Mimi nashika upande huu wa pili, ingawa sidhani upande wa kwanza umekosa kitu. Umeona mikopo, na mikopo ipo. Tatizo ni kudhani mikopo inabadilisha ukoo. Na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo mtu wa Paris hana, kwa sababu hadithi hii tumeshaambiwa sisi wenyewe: kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichovunjika, au mchanganyiko usio na baba. Jibu tunalo kwenye ngeli zetu na vinyambuo vya vitenzi. Maneno “kitabu” na “vitabu” yanatosha: neno ni la Kiarabu, lakini ki- na vi- ni za Kibantu, na Kibantu kimelimeza neno hilo hata Mwarabu halitambui tena kwenye wingi wake.

Ila niseme ukweli, si kila lugha yenye mikopo inasuluhishwa kirahisi hivyo. Nimelelewa karibu na milima ya Usambara, na huko kuna Wambugu, wenye lugha iliyowatoa jasho wanaisimu wote wanaofuatilia lugha chotara. Wana Kimbugu cha kawaida, kinachofanana na Kipare, na wana Kimbugu cha ndani, kiitwacho Kima'a, ambacho sarufi yake ni ile ile ya Kibantu lakini maneno yake mengi ni ya Kikushi na asili nyingine. Mholanzi Maarten Mous aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 2003. Kwa hiyo chotara zipo, na Wasambaa tumeishi nazo jirani bila kujua kuwa zinajadiliwa vyuoni Ulaya. Ninachosema ni kwamba Kikorandje si mojawapo.

Swali gumu zaidi liko kwa binamu zake. Kaskazini mwa Kisonghai kuna kundi la lugha zilizoishi na Waberber: Kitadaksahak cha Waidaksahak, wafugaji na watu wa dini wa eneo la Menaka huko Mali, Kitagdal cha Niger, Kitasawaq cha In-Gall, mji unaofahamika kwa sherehe ya Cure Salée, wafugaji wanapopeleka mifugo kulamba chumvi baada ya mvua. Kitadaksahak kimebeba Utuareg hadi shingoni. Maneno yake yenye asili ya Kisonghai ni mia chache tu, mengine karibu yote ni ya Kituareg, lakini hayo machache ndiyo yanayotumika kila dakika. Tena kuna jambo linalostaajabisha. Sisi tukitaka kusema “kufanya mtu ale”, tunachukua “kula” tunapata “kulisha”. Wao kinyambuo hicho cha kusababisha wamekiazima kwa Watuareg, lakini kinakubali tu mizizi ya Kituareg. Basi kitenzi cha kawaida kikiwa cha Kisonghai, wakitaka kukinyambua wanakiacha kabisa na kuchukua mzizi wa Kituareg wenye maana hiyo hiyo. Ni kana kwamba Mswahili angesema “kula” kwa Kiswahili, lakini kila akitaka kusema “kulisha” angelazimika kuhamia neno jingine lote la Kiarabu. Hapo mtu akisema “chotara”, simpigii kelele.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Kitadaksahak, kilichochanganyika kuliko Kikorandje, kinasemwa na watoto. Wanazaliwa nacho, wanalilia nacho, wanachungia nacho mbuzi. Kikorandje, chenye mifupa iliyonyooka zaidi, kinakwisha. Kama mchanganyiko ndio ugonjwa, wagonjwa wamebadilishana vitanda. Miaka 800 Kikorandje kimekuwa kikinywa Kiberber na Kiarabu, na kiliishi. Kukopa namba kuanzia nne hakukukiua, na pengine ndiko kulikokisaidia kuishi, kwa maana mfanyabiashara aliyekuja sokoni alihesabiwa kwa namba alizozijua, kisha kila mmoja akarudi nyumbani kwake na lugha yake.

Kinachokiua kina tarehe, na tarehe hiyo iko karibu. Ni miaka ya 1970 na 1980. Aljeria ilipata uhuru mwaka 1962, shule zikaenea hadi jangwani, na serikali ikaamua elimu iwe ya Kiarabu. Wazazi wengi wa Tabelbala wakaangalia watoto wao wakiingia darasani bila kumwelewa mwalimu, wakafanya hesabu ambayo mzazi yeyote anaielewa: tukiwasemesha Kiarabu tangu wanaponyonya, hawatachelewa. Wakaacha. Kizazi kilichokua baada ya hapo, kwa walio wengi, ama hakijui Kikorandje au kinakielewa bila kukisema.

Sasa tuingie kwenye bishano la pili, ambalo ndilo la kweli.

Mtetezi wa wazazi hao hana haja ya kupayuka, hoja zake ni nzito. Watu 3,000 hawana gazeti, hawana kituo cha redio, hawana kitabu kimoja cha kusomea darasa la kwanza. Hawana hata tahajia waliyokubaliana. Kiarabu kwa upande wake ni lugha ya shule, ya ofisi, ya soko la Béchar, ya mitihani na, kwa Waislamu, ya sala. Mtoto wa oasisi ya jangwani anaanza mbio akiwa mita nyingi nyuma ya mtoto wa Algiers. Mzazi kumpunguzia mzigo mmoja si usaliti. Na anayelia zaidi juu ya Kikorandje, nani huyo? Mara nyingi ni mtu wa mbali, mwenye mshahara, ambaye mtoto wake mwenyewe anasoma kwa lugha kubwa. Nakiri hoja hii inanichoma, kwa sababu mimi ni mmoja wao. Naandika haya kwa Kiswahili. Baba na mama yangu wakisemezana Kisambaa, mimi na ndugu zangu tukijibu kwa Kiswahili, na hakuna aliyetukemea. Huku Afrika Mashariki Kiswahili chetu ndicho Kiarabu cha Tabelbala. Tukizungumzia lugha ndogo zinazomezwa, mara nyingi sisi ndio upande unaomeza, na tunameza bila kutafuna.

Anayelaumu naye ana neno. La kwanza ni kwamba hesabu ya wazazi ilikuwa na kosa ndani yake. Kiarabu walichowasemesha watoto ni kile cha mitaani cha Aljeria, na shule inafundisha kwa Kiarabu sanifu. Tofauti kati ya hivyo viwili si ndogo, na mtoto wa Oran anayezaliwa na Kiarabu cha nyumbani anaijua taabu hiyo. Halafu aliyefika chuo kikuu akataka udaktari au uhandisi, alikuta Kifaransa kinamsubiri mlangoni. Kwa hiyo mtoto wa Tabelbala hakupunguziwa mzigo wa lugha. Alivuliwa mmoja, akabaki na ile mingine yote. Na watoto wa dunia hii wanaokua na lugha mbili, tatu bila kuchanganyikiwa ni wengi mno. Huko Tabelbala kwenyewe, babu zao walikuwa na Kikorandje nyumbani na Kiarabu au Kiberber sokoni kwa karne nyingi.

Neno la pili la anayelaumu hupigwa sana, nami nadhani halifai kupigwa namna linavyopigwa. Ni lile la historia. Nimeshasema hakuna hati inayoeleza jinsi watu wa Mto Niger walivyofika ukingo wa kaskazini wa Sahara. Lugha yenyewe ndiyo hati. Bila kwara na affu na ile n yenye mpangilio wa kusini, tungedhani Tabelbala ni oasisi ya Waarabu kama nyingine. Ni kweli, na kwa mwanahistoria ni hazina. Lakini mwambie mama mwenye mtoto wa miaka mitano kwamba amfundishe lugha ili wanahistoria wasipoteze ushahidi, uone atakavyokutazama. Luteni mmoja wa jeshi la Ufaransa aitwaye Cancel alichapisha maelezo ya lugha hii mwaka 1908. Dominique Champault akaandika kitabu kinene juu ya oasisi nzima mwaka 1969. Souag akaja na sarufi. Ushahidi umeandikwa, na si kazi ya watoto kuwa makabati ya kumbukumbu.

Onyo la aina nyingine liko Agadez. Heinrich Barth, Mjerumani aliyesafiri huko mwaka 1850, alikuta mji huo mkubwa wa biashara ukisema lugha ya Kisonghai iliyochanganyika na Kituareg, ndugu wa Kitasawaq. Aliihusisha na ushindi wa Askia Muhammad mwaka 1515. Leo haipo. Agadez ni Kihausa na Kituareg. Si mji uliokufa, si mji ulioharibika. Watu wanaishi, wanauza, wanaoana. Anayesema lugha ikifa jamii nayo imekufa, aende Agadez akaangalie. Na anayesema hakuna kilichopotea, aende hapo hapo amwulize mtu babu wa babu yake aliongea nini.

Kuna njia ya tatu ambayo inavutia, na nataka niitazame kwa makini kwa sababu inaonekana kama suluhisho. Aljeria iliitambua Tamazight, yaani Kiberber, kuwa lugha ya taifa mwaka 2002, na lugha rasmi mwaka 2016, pamoja na aina zake zote zinazosemwa nchini. Hayo hayakuja bure. Yalitanguliwa na migomo, hata ule wa Wakabyle, Waberber wa kaskazini mwa Aljeria, waliozuia watoto wao kwenda shule mwaka 1994 na 1995, na damu iliyomwagika. Sasa, katika baadhi ya orodha Kikorandje huwekwa kimya kimya chini ya Kiberber. Kwa nini kisijibanze humo? Mwavuli upo, fedha ipo, taasisi ipo, walimu wanafunzwa. Watu wa Tabelbala wana damu ya Kiberber bila shaka na maneno ya Kiberber tele. Mwanasiasa mwerevu angesema: jiandikeni Waberber, mpate darasa.

Mwavuli huo una tundu mahali pabaya. Mwalimu wa Tamazight akipelekwa Tabelbala hatafundisha kwara n dzyey. Atafundisha Kiberber kilichosanifiwa, ambacho mtoto wa hapo hakijui kabisa, kwa hati ambazo wenyewe Waberber bado wanagombana juu yake: Kilatini, Kiarabu au Tifinagh, maandishi ya Waberber wenyewe. Mtoto atapata lugha ya nne shuleni, na ya babu yake bado haipo. Hapa ndipo lile bishano la kwanza, la mifupa na ngozi, linapopata kazi halali: si la kujivunia ukoo, ni la kuzuia mtoto kupewa mwavuli wa mtoto mwingine. Ni afadhali serikali itamke jina lake, Kikorandje, hata kwenye kijitabu kimoja cha hadithi, kuliko kukiingiza kwa mlango wa nyuma wa jina lisilo lake. Hoja ya watu wachache haikubaliki sana hapa. Kuchapa vijitabu 500 na kurekodi wazee wakisimulia si mradi wa kuchimba gesi.

Lakini nisijidanganye: vijitabu havifufui lugha. Kiebrania kilifufuliwa na watu waliokuwa na sababu kubwa mno ya kufanya hivyo, na hali ile haijirudii kila mahali. Lugha ya kijiji inaishi ikiwa na kazi kijijini: kugawana zamu ya maji ya foggara, kumkaripia mtoto, kusengenya mgeni akiwa amekaa hapo hapo. Hiyo ya mwisho ni kazi ya heshima kubwa kuliko tunavyodhani. Lugha nyingi ndogo zimeponea kwenye siri, maana kuwa na maneno ambayo mgeni hayaelewi ni mali. Na Kikorandje, kwa jinsi kilivyo peke yake katikati ya jangwa, ni siri kamili: Mwarabu haelewi, Mberber haelewi, hata Msonghai wa Gao akisikilizishwa leo atashika neno hapa na neno pale tu, labda kambi, yaani mkono, kisha apotee.

Kwa hiyo simlaumu mzazi wa 1975. Aliona mlango mmoja umefunguliwa akamsukuma mtoto aingie, na kwa yale aliyoyaona pale alikuwa na haki. Ninayemlaumu ni yule aliyeweka mlango wenye upana wa lugha moja, kisha akaita hali hiyo umoja wa taifa. Katika hilo Aljeria haiko peke yake, na sisi wa huku tusinyooshe kidole haraka.

Watoto wa miaka ile leo wana arobaini, hamsini. Ndio wale wanaoelewa bila kusema. Najua hali hiyo ndani kwa ndani. Baba yangu akinipigia simu, huanza kwa Kisambaa, ananiuliza mvua, ananiuliza mahindi, nami namwelewa neno kwa neno. Kisha namjibu kwa Kiswahili, naye bila kusema kitu anahamia Kiswahili, na simu inaendelea.